Tuangaze kuta, chumba kidogo kitapumua

Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua Daraja la John Pombe Magufuli, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria, kutoka Kigongo upande wa Misungwi hadi Busisi upande wa Sengerema. Kabla ya siku hiyo msafiri alingoja kivuko, na foleni ikiwa ndefu saa zilikatika akiwa bado ufukweni. Leo gari linavuka kwa dakika chache, na usiku taa za daraja zinaonekana kutoka mbali. Mengi yameandikwa kuhusu daraja hilo, na linastahili. Mimi nataka kuzungumzia taa nyingine, zile zilizo ndani ya vyumba vya kupanga vya watu wanaoishi Kigongo, Usagara na mitaa ya Mwanza mjini.

Ingia katika chumba kimoja cha namna hiyo baada ya magharibi. Ni futi 10 kwa 10, pengine 10 kwa 12. Kitanda kiko nyuma ya pazia, kochi moja limeegemea ukuta, meza ina televisheni, jiko la gesi liko karibu na mlango, ndoo za maji ziko chini ya meza, mabegi yako juu ya kabati. Katikati ya dari inaning'inia holda moja yenye balbu moja, nyeupe na kali. Chini ya balbu ile kunawaka kama kaunta ya duka, lakini nyuma ya pazia ni giza, pembe zote nne ni giza, na kivuli cha kabati kimelala ukutani. Mgeni akikaa kwenye kochi anaona balbu na kivuli chake mwenyewe. Baada ya muda mfupi anatamani kutoka nje apumue.

Chumba hicho hakikunyimwa mwanga. Balbu yake inatoa mwanga wa kutosha kabisa, ila imewekwa mahali pasipofaa. Ukiondoa ile nguvu katikati ya dari na kuigawa kwa kuta na pembe, chumba kilekile, bila kuongeza tofali hata moja, kitaonekana kikubwa na kitakalika. Naandika hivi kwa sababu naamini jambo hili limo ndani ya uwezo wa mpangaji wa kawaida, na kwa sababu wanaojenga nyumba za kupanga katika mkoa wetu wanaendelea kulipuuza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 3.7 mkoani Mwanza. Wengi wao hawatamiliki nyumba kubwa kesho wala keshokutwa. Chumba walichonacho ndicho nyumbani kwao.

Jicho halipimi chumba kwa futi. Linapima kwa kutafuta chumba kinaishia wapi, yaani ukuta uko wapi, pembe iko wapi na dari iko juu kiasi gani. Pembe ikimezwa na giza, jicho linahesabu kwamba chumba kimeishia pale mwanga unapoishia. Tena balbu kali iliyo wazi inaifanya mboni ya jicho ijikunje, na mboni ikijikunja, sehemu zenye mwanga hafifu zinazidi kuwa nyeusi. Ndiyo maana mtu anayenunua balbu yenye wati nyingi zaidi ili apanue chumba chake huishia kuona pembe zimekuwa na giza kuliko mwanzo.

Haya yamepimwa. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, John Flynn, aliwaketisha watu katika chumba kimoja cha mikutano na kuwabadilishia mpangilio wa taa, huku kila kitu kingine kikibaki vilevile. Taa zilipomulika kuta, watu walikiona chumba ni kipana kuliko zilipomulika kutoka juu kuelekea katikati peke yake. Mwaka 2010 Daniel Oberfeld na Heiko Hecht wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, pamoja na mwenzao, waliangalia rangi za ndani ya chumba na kimo chake. Wakaona kwamba dari yenye rangi nyepesi huonekana iko juu zaidi, na kuta zenye rangi nyepesi husaidia vilevile, lakini rangi ya sakafu haibadilishi jambo la maana. Mpangaji wa Kigongo asichukulie hizo kuwa habari za Ulaya na Marekani tu. Maana yake kwake ni kwamba shilingi yake ya kwanza iende juu na pembeni, isiende chini.

Mababu wa pwani yetu walilijua hili kabla ya umeme. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na vyumba virefu na vyembamba, kwa sababu upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Fundi hakuweza kuongeza upana, lakini aliweza kuufanyia ukuta kazi. Alisiliba kwa chokaa nyeupe iliyolainishwa, akachonga zidaka, yaani vidaka au vishubaka, ndani ya ukuta wa chumba cha ndani kabisa, safu juu ya safu, na wenye nyumba wakapanga humo vyombo vya kauri. Macho ya aliyeingia hayakugonga ukuta na kurudi. Yaliingia ndani ya zidaka, na chumba kikaonekana kuwa na kina. Katika magofu ya Gede karibu na Malindi bado kuna vidaka vya kuwekea taa. Mwanga ulikaa ukutani, haukuning'inia katikati kumpiga mtu usoni.

Hata hapa ziwani hatuhitaji kufundishwa kazi ya taa. Mvuvi wa dagaa hutoka usiku usio na mbalamwezi. Zamani alibeba karabai za mafuta ya taa; leo wengi wanatumia taa za betri na sola. Hawashi taa moja kubwa kisha akasubiri ziwa zima ling'ae. Anatandaza taa kadhaa juu ya maji, pale anapotaka dagaa wakusanyike, kisha anazungusha wavu. Chumba nacho kitandaziwe taa namna hiyo, ndogondogo, kila moja mahali penye kazi yake.

Sasa tuje kwenye vitendo. Kwa chumba kimoja cha kulala na kukaa, taa tatu ndogo zinatosha. Ya kwanza iwe juu ya kabati, imefichwa nyuma ya ukingo wake, ikitazama dari. Mwanga utapiga dari na kurudi chini ukiwa umepoa, na dari itaonekana imeinuka. Ya pili iwe kwenye ukuta ulio mbali kabisa na mlango, kwa sababu ndio ukuta anaoutazama anayeingia. Ukiwa na mwanga, mgeni anauona mwisho wa chumba na jicho lake linasafiri mpaka kule. Ya tatu iwe nyuma ya pazia, upande wa kitanda. Wengi wetu tunakigawa chumba kwa pazia halafu tunaliacha eneo la kitanda gizani, na hapo chumba kinapoteza nusu yake. Weka taa ndogo nyuma ya pazia jepesi, na mgeni aliye upande huu atajua kwamba chumba kinaendelea, bila kuona kitanda wala nguo zako.

Balbu ya katikati usiitoe. Iache kwa ajili ya kuchambua mchele, kutafuta sindano au mtoto anapofanya kazi za shule, ingawa kwa kusoma ni bora awe na taa ya mezani karibu na daftari. Lakini jioni, kazi zikiisha, izime, uwashe zile tatu, kisha ukae dakika chache macho yazoee. Utaona kuta zimerudi nyuma.

Kanuni moja ibebe yote haya: taa ifichwe, mwanga uonekane. Hapo ndipo zile taa za mkanda zinazouzwa mitaani, roli ya mita 5 yenye adapta na rimoti, zinapopata heshima yake. Vijana wengi wanazibandika kuzunguka dari nzima, nukta zake zikiwa wazi, na kuziachia zibadilike kutoka nyekundu kwenda buluu kwenda kijani. Siwalaumu kwa kupenda rangi. Nawaambia tu kwamba mstari wa nukta zinazong'aa kuzunguka dari unachora mpaka wa chumba na kumkumbusha kila aliyemo kwamba ni kidogo. Mkanda huohuo ukibandikwa nyuma ya televisheni, nyuma ya ubao wa kichwa cha kitanda, au nyuma ya boksi la pazia ukielekea chini, utafanya kazi tofauti kabisa. Chagua rangi moja tulivu, uiache hapo. Na kama ukuta wako ni wa chokaa inayotoka vumbi, gundi haitashika. Bandika mkanda kwenye kipande chembamba cha mbao, kisha uegemeze mbao hiyo nyuma ya kabati. Mwenye nyumba aliyekataza kutoboa ukuta hatakuwa na neno.

Rangi ya mwanga nayo ina uzito wake. Kwenye boksi la balbu pameandikwa namba inayofuatiwa na herufi K. Balbu ya 6500K inatoa mwanga mweupe unaokaribia buluu. Ya 2700K au 3000K inatoa mwanga wa manjano kama wa jioni. Maduka yetu mengi yamejaa ile nyeupe, kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mweupe ndio safi na ndio wa kisasa. Jikoni na dukani unafaa. Chumbani usiku unaifanya rangi ya ngozi ififie, unaonyesha kila mkwaruzo wa ukuta, na unaichelewesha akili kujua kwamba muda wa kulala umefika. Na kwa sisi wa kando ya ziwa kuna sababu nyingine ya kuuepuka. Wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi, huvutwa zaidi na mwanga mweupe wenye ubuluu kuliko wa manjano. Anayeishi Kigongo na kufungua dirisha jioni apate upepo anajua adha ya kufagia wadudu chini ya balbu asubuhi. Balbu ya manjano haitawamaliza, lakini itawapunguzia sababu ya kuingia.

Kabla ya taa zote kuna jua, ambalo halina bili. Kioo kinachosimama mkabala na dirisha kinaongeza mwanga wa mchana, na jioni kikiwa karibu na taa ya ukutani kinaufikisha mwanga huo upande wa pili. Pazia zito la rangi ya damu ya mzee libaki kwa wenye sebule pana. Chumba kidogo kinataka pazia jepesi, lifungwe pembeni mchana kutwa. Rangi ya mafuta ya kijani au kahawia inayopakwa nusu ya chini ya ukuta ili kuficha uchafu inakula mwanga wako kila siku. Na chandarua cheupe, ambacho kwetu hakikwepeki, kifungwe vizuri juu mchana ili kisisimame katikati ya chumba kama ukuta wa tano.

Najua lipo jibu la haraka kwa haya yote, kwamba hizo ni anasa, na mtu wa chumba kimoja anawaza kodi, unga na ada ya mtoto. Nalichukulia kwa uzito, ndiyo maana nataka tupige hesabu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila usiku inakula uniti 9 kwa mwezi. Taa tatu za LED za wati 3 kila moja, kwa saa zilezile, zinakula uniti 1.35. Tofauti hiyo imetoka kwenye kazi ya Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliofanikiwa kupata LED ya buluu na kuwezesha taa nyeupe za matumizi madogo ya umeme. Mwaka 2014 walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia kwa sababu hiyo. Wazazi wetu waliosomea kibatari hawakuwa na nafasi ya kuwasha taa tatu chumbani. Sisi tunayo.

Tatizo la mpangaji liko kwingine, kwenye mita ya umeme ya LUKU anayochangia na wenzake. Bei ya umeme ya mtumiaji mdogo wa nyumbani, shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni ya mita isiyozidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba yenye wapangaji sita na mita moja inavuka kiwango hicho upesi, na wote wanahesabiwa bei ya juu, hata yule mwenye balbu na simu tu. Halafu wanagombana kila wiki: nani ana pasi, nani ana friji, nani amewasha taa usiku kucha. Katika hali hiyo mpangaji anayeongeza taa anaonekana mbadhirifu, kumbe akibadilisha balbu za wati nyingi kwa ndogo anawapunguzia wenzake mzigo. Wenye nyumba wakiweka mita ndogo kwa kila chumba, ugomvi mwingi utakwisha, na kila mtu atapamba chumba chake kwa hesabu yake.

Lipo pia jibu la pili, ambalo ni zito zaidi, kwamba taa haziongezi nafasi na kupamba chumba kilichobana ni kuificha shida ya makazi. Nakubaliana na nusu yake. Familia ya watu watano katika futi 10 kwa 10 inahitaji chumba cha pili, na hakuna taa itakayowapa. Katika milima ya Mwanza, kuanzia Igogo hadi Mabatini, kuna vyumba vilivyojengwa mgongo kwa jiwe, vyenye dirisha moja dogo ama hakuna. Huko kinachotakiwa ni kujenga kwa kufuata utaratibu, na taa isitumike kuhalalisha uzembe. Lakini mtu hawezi kuahirisha utu wake mpaka sera ya nyumba ikamilike. Tazama vitambaa vya kufuma juu ya makochi, vitenge ukutani, vyombo vilivyopangwa kabatini kwa ukubwa wake. Watu wetu hupamba vyumba vyao kwa juhudi kubwa, na wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Juhudi hiyo yote inapotea jioni kwa sababu mwanga unapiga sakafu tupu katikati ya chumba. Kuuelekeza mwanga kwenye kazi ya mikono yao ni kuwatendea haki.

Tahadhari nayo ni lazima. Taa tatu hazina maana ya nyaya tatu zilizofumwa kwenye soketi moja inayopata moto. Waya usipite chini ya zulia wala kwenye mlango unaoubana. Mshumaa na kibatari visikaribie pazia na chandarua hata kidogo. Kazi yoyote ya kugusa waya wa ndani ya ukuta ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Asiye na umeme wa uhakika anaweza kupata matokeo yaleyale kwa taa za kuchaji au za sola, kwa sababu kinachopanua chumba ni mahali taa inapotazama, haidhuru umeme wake umetoka wapi.

Nimalizie na wanaojenga, maana wao ndio wenye ufunguo. Barabara ya Usagara kwenda Geita sasa haikatizwi na maji, na kiwanja cha Kigongo si tena mahali pa kungojea kivuko tu. Wewe unayesimamisha vyumba vya kupanga huko leo, kabla fundi hajapiga plasta mwambie alaze paipu mbili zaidi katika kila chumba: moja kwenye ukuta unaotazamana na mlango, nyingine upande wa kitanda, kila moja na swichi yake. Weka soketi pande mbili za chumba. Paka dari nyeupe na kuta nyepesi. Usiweke vioo vya giza kwenye madirisha, weka vya wazi, na kama kiwanja kinaruhusu, kipe kila chumba dirisha pande mbili. Kabla ya plasta kazi hiyo ni ya paipu na nyaya kidogo. Baada ya plasta ni ya kuchimba ukuta na kulipa mara mbili. Mpangaji anayekaa kwa raha hahami kila baada ya miezi 6, na hilo ni faida kwako.

Na wewe mpangaji mwenzangu, usisubiri mwenye nyumba. Kesho nunua balbu moja ndogo ya manjano, ifiche juu ya kabati itazame dari, kisha uzime ile ya katikati. Anza na hiyo moja.